Cheki ya Kodi Iliyorudi

Francine aliniletea ile bahasha ya kahawia Jumapili ya tarehe tisa Machi, mwaka elfu mbili na nane. Ibada ilikuwa imekwisha, nami nimekaa kwenye meza yangu karibu na birika la chai. Aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayemwekea mgeni sahani.

Nasema meza yangu, lakini ilikuwa ya Waingereza wenye ukumbi. Sisi tunaosali kwa Kiswahili, Wakongo wengi na Wakenya wachache, tuliukodi ukumbi ule pale Bordesley Green kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, wenyewe wakishamaliza yao. Tukishasema amina ya mwisho, watu walikuja kwangu na barua za wiki nzima: za shule, za hospitali, za umeme, za serikali. Mimi nilizisoma, nikawaambia kwa Kiswahili zinasema nini, na ikibidi nikaandika majibu. Wengine waliniita Mzee Bethuel, ambalo ndilo jina langu. Wakongo waliniita Mzee Amerika, kwa sababu nilikaa huko miaka tisa kabla sijahamia Birmingham. Sikulikataa hilo jina. Kusema kweli nililipenda.

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheki ya pauni mia nane na kumi na moja.

Francine alikuwa mjane kutoka Bukavu, na binti mmoja, Précieuse, wa miaka kumi na mmoja. Miaka miwili nyuma alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka huko Tyseley. Mwaka mzima walimkata kodi kubwa kuliko stahili yake, kama wanavyokatwa watu ambao karatasi zao hazijafika ofisini. Kisha mgongo wake ukaharibika, akaacha kazi, akawa anaishi kwa posho ya serikali, na halmashauri ya jiji inamlipia pango. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia barua ya kudai kodi ile. Sasa ilikuwa imerudi.

Alitaka kujua jambo moja tu. Je, pesa hii ni mapato? Maana kila mpokea posho aliijua ile karatasi ya masharti: ukipata mapato yoyote, sema. Jirani yake Msomali, Muslimo, hakusema habari ya saa zake za kazi, na alikuwa mwaka wa pili anairudisha posho kidogo kidogo. Wanawake wa mtaa ule walikuwa wakimtazama Muslimo anavyonunua mkate wa jana, wakaogopa.

Na Francine alikuwa na haraka. Mama yake, Mama Immaculée, alikuwa akiumwa moyo. Tetemeko la Februari liliipasua nyumba yao kule Bukavu, familia ikawa inalala nje chini ya turubai, na baridi ya usiku ikammaliza nguvu mama huyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Neno lake lilikuwa moja: nataka kumuona Francine. Walikuwa hawajaonana miaka tisa.

Sasa, mkimbizi mwenye karatasi za Uingereza haruhusiwi kurudi Kongo. Karatasi yenyewe imeandikwa hivyo: nchi zote, isipokuwa ile uliyoikimbia. Lakini Bukavu na Kamembe ya Rwanda zinatazamana, katikati ni mto na daraja. Wakimbizi wengi huonana na wazazi wao hivyo: wewe unakuja upande wa Rwanda, mzazi anavushwa. Cheki ilipofika Alhamisi, Francine alimpigia kaka yake Emery kwa furaha, akamwambia pesa imekuja. Emery hakungoja. Jumamosi alimbeba mama yao kwa gari la kukodi, akamvusha daraja, akamlaza Kamembe kwenye nyumba ya shemeji wa rafiki yake.

"Mama iko kule tayari, Mzee," Francine aliniambia. "Mupaka nimuone, ni lazima. Niambie tu kama naweza kutumia hii franga."

Nieleze nilikolijua jambo hili, au nilikodhani nalijua. Mimi nilisoma vipande vipande. Madarasa manne Kitale, jioni kadhaa Kitwe, Zambia, nilipokuwa mlinzi wa ghala, miezi saba ya shule ya Biblia. Amerika nilikaa mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Kule jimbo linakata kodi yake na taifa linakata yake. Mwaka mmoja jimbo lilinirudishia dola mia nne na kumi, nikafurahi, nikanunua koti. Mwaka uliofuata, nilipojaza fomu ya taifa, nikakuta mstari unaouliza jimbo lilinirudishia kiasi gani. Nikaandika. Ile mia nne na kumi ikahesabiwa pamoja na mshahara wangu, ikakatwa kodi. Iliniuma hata nikajiandikisha kozi ya kujaza fomu, jioni sita kwenye maktaba. Nilihudhuria nne. Mbili nilikuwa kazini.

Basi nikamwambia Francine kwa sauti ya mtu anayejua: kodi ya mwaka uliopita ikirudi mwaka huu, ni mapato ya mwaka huu. Nimeyaona kwa macho yangu. Usiipeleke benki. Nitawaandikia ofisi, tutangoja jibu, kisha tutajua kilicho chako na kilicho chao.

Peninah alikuwa akisuuza vikombe pale pembeni. Ni Mkenya kama mimi, nesi, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Mzee Bethuel," alisema, "hapa si Amerika. Kesho asubuhi nampeleka kwa watu wa ushauri, tuulize. Ni bure."

"Binti yangu, wewe shika sindano zako," nikamjibu. "Karatasi niachie mimi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, ee, Mzee Amerika amemchoma nesi. Peninah naye alitabasamu kidogo, akaendelea na vikombe vyake. Mlangoni Walter, mzee wa Kiingereza mwenye funguo za ukumbi, alikuwa kwenye kiti chake akisoma gazeti, akingoja tumalize afunge.

Jumatatu niliandika barua. Ninayo nakala yake hadi leo. Niliandika kwamba mama huyu amepokea mapato ya pauni mia nane na kumi na moja, na anaomba maelekezo. Mapato. Neno hilo nililiandika mwenyewe, na chini yake nikapiga mstari ili walione upesi.

Waliliona. Wiki iliyofuata walisimamisha posho yake wakati wanachunguza, na mwenye nyumba akapata barua kwamba pango nalo litachelewa. Francine alikuja chumbani kwangu Tyseley, juu ya duka la matairi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kwa sababu kiti ni kimoja. Aliniuliza kama sasa ndiyo wamemkamata. Nikamwambia hapana, huo ndio utaratibu, na afadhali tulisema wenyewe. Nilimwambia aone jinsi walivyoshtuka. Je, ingekuwaje kama angeitumia kimyakimya?

Akashukuru. Naandika neno hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alinishukuru kwa kumwokoa.

Peninah hakukaa kimya. Alimwita Francine kando, akamwambia atamkopesha nauli, na Wakenya wenzake wawili wataongeza; visa ya Rwanda inakuja kwa posta wiki moja, aende, mengine yatajulikana akirudi. Francine akaja kuniuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ni kama Peninah ananipima nguvu. Nikamuuliza Francine: ofisi wakisikia mtu aliyesimamishiwa posho amepanda ndege, watasema nini? Utawaambia nauli ulipewa na nani? Na wakigusa karatasi zako za ukimbizi?

Alikwenda kumwambia Peninah asante, hapana.

Kule Kamembe Mama Immaculée alikuwa akingoja. Emery alipiga simu kila baada ya siku mbili. Mwanzoni alieleza habari za dawa, na za wenye nyumba, watu wema ambao walimpa mama chumba cha mbele. Baadaye akawa anauliza tu: ni lini? Francine alimjibu wiki hii, kisha akamjibu wiki ijayo. Hakutaka kumwambia kaka yake kwamba pesa iko ndani ya droo na haiguswi. Emery angeshindwa kuelewa, alisema, na mimi nikakubaliana naye. Nikasema watu wa kule hawajui mambo ya karatasi za huku.

Pasaka ilipita. Tuliimba, tukala wali na kuku pale ukumbini. Francine aliimba nasi, ila alikuwa ameweka simu kwenye mapaja, uso wa simu juu.

Alhamisi baada ya Pasaka mlango wangu uligongwa jioni. Alikuwa Peninah, bado na sare ya kazi chini ya koti. Hakukaa. Aliniambia Mama Immaculée amefariki mchana ule, na kwamba wanawake wameshafika kwa Francine. Nilingoja aseme lile alilokuwa na haki ya kulisema. Alisema, "Vaa vizuri, Mzee, nje kuna upepo," akatangulia kushuka ngazi.

Walimzika Kamembe, Jumamosi. Kumrudisha Bukavu kulitaka vibali vya pande mbili, gari, na pesa ambayo Emery hakuwa nayo. Wakamzika kwenye mlima wa watu wengine, ng'ambo ya pili, na kutoka pale, Emery alisema, paa za mtaa wao zinaonekana.

Matanga ya Birmingham yalifanyika nyumbani kwa Francine. Viti na meza vilitolewa sebuleni, magodoro yakatandazwa, picha ya marehemu ikawekwa juu ya televisheni. Kulikuwa na sombe, yale majani ya mihogo ya Wakongo, na ugali jikoni, na watu wakiingia na kutoka kila jioni baada ya kazi. Mimi nilikwenda kila siku. Nilikaa karibu na mlango.

Siku ya sita, Jumatano, barua ikaingia mlangoni. Précieuse aliiokota, akamtazama mama yake. Francine hakuinua kichwa, alisema tu, "Mpe Mzee."

Nilitoka nayo nje, barazani. Nikaifungua. Ilikuwa ukurasa mmoja. Walisema wamechunguza. Walisema kodi ya mshahara inayorudishwa haihesabiwi kuwa mapato. Inahesabiwa kama akiba ya mtu, na kwa kuwa akiba zake zote hazifiki pauni elfu sita, haibadilishi chochote. Posho inarudi, pamoja na iliyozuiliwa. Wakaongeza kwamba hakukuwa na haja ya kungoja.

Niliisoma mara tatu. Wakati huo gari likasimama, Walter akashuka na viti vya ukumbi. Mtu alikuwa amemwambia tuna msiba. Mzee yule alivibeba viwili viwili, akavipanga ukutani taratibu. Akaniona nilivyo, akaniuliza kama niko salama. Nikampa barua.

Alivaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Alisema ndiyo, ndivyo ilivyo. Nikamuuliza anajuaje. Akasema alikuwa kwenye ofisi ya mishahara ya kiwanda cha magari kule Longbridge, miaka thelathini na moja, hadi kilipofungwa. Hayo ya kodi kurudi alikuwa akiyaeleza watu kila Aprili. Ni pesa yao wenyewe, alisema. Walikatwa zaidi, wanarudishiwa. Inakuwaje mapato mara mbili?

Nikamwambia kwamba Amerika ni mapato. Akaniuliza kama kule, mwaka ule niliolipa, niliiondoa ile kodi ya jimbo kwenye hesabu ili nilipe taifa kidogo. Nikakumbuka. Nilikuwa na nyumba ya mkopo, na zaka nilitoa, nikaorodhesha vyote na kodi ya jimbo juu yake, nikapunguziwa. Akasema basi ndiyo sababu. Ulipewa nafuu kwa pesa hiyo, na pesa yenyewe ikarudi, ndipo wakaihesabu. Yeye hakuijua sheria ya Amerika, alisema, ila haoni jinsi nyingine ya kuwa na maana. Asiyepewa nafuu hana cha kuhesabiwa, hata huko.

Kijitabu cha fomu ile ninacho kwenye sanduku. Usiku wa siku hiyo nilikitoa, nikatafuta. Imeandikwa humo, mistari miwili chini ya ule niliousoma mimi.

Walter alikuwa mlangoni ile Jumapili. Alikuwa hapo kila Jumapili, hatua kumi kutoka meza yangu, akisoma gazeti.

Sasa nikabaki na barua mkononi, na ndani wananingoja. Nilitunga uongo mzuri. Ningesema: wameona ni mapato kweli, lakini kwa sababu ya msiba wamemsamehe. Francine angepona kidogo. Angeamini hakukuwa na njia. Na mimi ningebaki Mzee Amerika. Niliuona uongo ule umekamilika kabisa, hauna tundu.

Nikaingia. Wanawake walikuwa katikati ya wimbo, na Francine aliponiona aliwainulia mkono wakanyamaza, akasogea kwenye godoro kunipa nafasi. Akanifanyia nafasi kubwa, kama ya mtu mzito. Hapo ndipo uongo uliponishinda.

Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Précieuse alikuwa amekaa kando ya mama yake akifuata kwa macho. Hakunisahihisha popote.

Francine akasema, "Kumbe ile siku nilikuletea, ilikuwa tu franga yangu?"

"Ilikuwa pesa yako tu."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Alipangusa goti lake kwa kiganja, mara nyingi, kama anayefuta unga. Akasema Kamembe kuna uwanja mdogo wa ndege. Emery alimwambia kwamba kila ndege iliposhuka, mama alitaka ageuzwe aangalie mlango. Walimgeuza. Baada ya saa moja aliomba arudishwe alivyokuwa, kwa sababu ubavu ule ulimuuma.

Nilihesabu kichwani, na bado huwa nahesabu. Visa wiki moja, ndege siku mbili. Angefika na wiki nzima ya kukaa naye.

"Nilikosa, Francine," nikasema. "Si ofisi. Mimi."

"Mzee," alisema, bila ukali, "toka nje kidogo."

Nilitoka. Nikapita kati ya viti vya Walter, nikatembea hadi Tyseley kwa miguu. Mimi nimeondoka miji mingi, na mara nyingi iliyonitoa ilikuwa aibu. Nilifunga begi usiku huo. Kuna mtu Coventry aliyekuwa tayari kunipa kitanda. Asubuhi sikwenda. Wala sikujua kwa nini sikwenda. Labda ni uzee tu. Jumapili iliyofuata nilikaa viti vya nyuma. Meza nilimwachia Peninah, naye akamwomba Walter akae pamoja naye, na foleni ikaenda upesi kuliko wakati wangu. Barua ngumu wanapiga simu kuuliza. Inachukua dakika chache.

Mwishoni mwa Aprili Francine alipanda ngazi zangu. Nilisimama. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akatoa karatasi, fomu ya visa ya Rwanda. Cheki iliingizwa benki, alisema. Karatasi zake haziwezi kumfikisha Bukavu, lakini Kamembe zinamfikisha. Anataka kwenda kuona pale.

Nikamwambia Peninah angemjazia vizuri zaidi.

"Najua," akasema. "Jaza wewe."

Tukaanza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hati. Niliandika polepole, kila herufi kwenye kisanduku chake, na kila jibu nilimsomea kabla ya kuendelea, jambo ambalo zamani sikulifanya. Tukafika pale wanapouliza sababu ya safari. Nikasimamisha kalamu. Nikamweleza kuna mambo ya kuchagua: matembezi, biashara, mazishi, mengineyo. Kwa mazishi wangeweza kutaka cheti.

Aliitazama ile fomu kwa muda, ingawa hakuweza kuisoma.

"Andika, anaenda kumuona mama yake," alisema.

Nikaandika hivyo. Kisanduku kilichofuata kiliuliza anwani ya huyo anayekwenda kumuona. Nacho nilimsomea. Akafunga macho, nami nikangoja, sikumsaidia kwa neno lolote, mpaka alipoweza kusema.